Mheshimiwa Sombe

Nyakabimba ni kijiji cha ufukweni, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Kigoma mjini kama lori lenyewe halikohoi. Jua letu huzama Kongo kila jioni na asubuhi huchomoza tena upande wetu, na hakuna mgambo aliyewahi kulisimamisha kuliuliza uraia wake. Binadamu hawakuwa na bahati hiyo. Miaka ile ya wakimbizi mitumbwi ilishusha watu wenye magodoro kichwani na milio ya bunduki bado masikioni, na wakubwa nao, kwa kutaka kujua nani ni nani, wakaamua kuuliza. Kwetu sisi waliuliza kwa kutumia mboga.

Aliyejibu vibaya alikuwa mmoja tu. Jina lake Klementina.

Klementina alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mirefu, mwanika dagaa kwa riziki na mpishi wa shughuli kwa heshima. Harusi, msiba, ubatizo, hitima, kote aliitwa yeye na masufuria yake. Bibi yake mzaa baba alivuka ziwa kutoka ng'ambo kabla ya vita ya Mjerumani, akaolewa hapa na kufia hapa. Hilo halikuwa siri wala ajabu. Chimba msingi wa nyumba yoyote Nyakabimba, utamkuta bibi wa ng'ambo amelala chini yake. Klementina hakuwa na mume tena, watoto hakujaliwa, aliishi na mama yake mzazi, Mariana, ambaye miguu ilikuwa imestaafu kabla ya mwili.

Mikono ya Klementina haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ulimi.

Katika mkutano wa kijiji wa mwaka tisini na sita, diwani wetu Selestini alikuwa anatueleza kwa nini zahanati bado haijaezekwa. Mabati yalifika, alisema, ila yalikutwa na kasoro za kitaalamu. Klementina akasimama, akajifunga khanga vizuri kana kwamba anakwenda kuteka maji.

"Mheshimiwa, mimi nyumba yangu na nyumba yako mpya zinatazamana. Mvua ikinyesha nasikia zahanati yetu inalia juu ya kitanda chako."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akasahau kufunga mkutano. Selestini naye alicheka, tena aliwapita wote, akapiga na mapaja. Diwani akicheka namna ile, kafunge mbuzi wako na ulale ndani.

Mwaka uliofuata likaja zoezi la kuwakusanya wageni waliojichanganya vijijini. Liliingia lori na mgambo wa kutoka mbali, vijana wenye viatu vizito ambao, ukiwawekea Mha, Mrundi, Mbembe na Mgoma kwenye benchi moja, wangechagua kwa kura ya siri. Wakamwomba diwani awasaidie kutenganisha. Selestini akafikiri. Alikuwa na kidato cha pili na akakitumia chote siku ile. Akaenda nyuma ya ofisi ya kijiji, akachuma jani la muhogo, akalishika juu kama mwenge wa uhuru.

"Ni rahisi, vijana. Mtanzania anaita hiki kisamvu. Anayekiita jina lingine ametoka ng'ambo."

Hapa msomaji wa Moshi au wa Tanga avumilie kidogo. Ufukweni kwetu hakuna aliyewahi kuita kile kitu kisamvu. Kisamvu lilikuwa neno la redioni na la walimu waliohamishiwa kwetu kwa makosa yao. Sisi tulizaliwa tukaikuta sombe, tukaachishwa ziwa kwa sombe, na tukifa watu wataila sombe wakitulilia. Selestini mwenyewe alikuzwa kwa sombe ya mama yake, marehemu Eufrasia, ambayo sifa zake zilivuka maji. Ila siku ile alikuwa serikali, na serikali haina mama.

Akaanza na Klementina. Msituni pana miti mingi, lakini mwenye shoka anajua alikuja kukata upi.

"Wewe mama. Hii ni nini?"

Klementina akamtazama yeye, akatazama jani, akadhani jua limempata. "Mwana wa Eufrasia, leo hujui sombe?"

"Pandisheni huyo."

Wa pili alikuwa Leonida, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekopeshana naye chumvi tangu wakiwa wasichana. Leonida aliangalia lori, akaangalia rafiki yake ndani ya lori, akasema, "Kisamvu." Wa tatu akasema kisamvu. Wapo waliosema kisavu na kisamvi, na mzee mmoja kwa hofu akasema kisamvu cha serikali, naye akapita. Kijiji kizima kilijifunza neno jipya kabla ya saa sita. Lori likaondoka na abiria mmoja aliyekaa juu ya ndoo yake, na hakuna aliyempungia mkono, kwa sababu kupunga nako hatukujua Mtanzania anakuitaje.

Kambini karani aliyemwandikisha alikuwa na haraka.

"Kijiji ulichotoka huko Kongo?"

"Nyakabimba."

"Iko wilaya gani ya Kongo?"

"Kigoma Vijijini."

Karani akaandika hivyo hivyo. Kwa siku ile moja Nyakabimba yetu ilihama ng'ambo, pamoja na shule, zahanati isiyo na paa, na diwani wake.

Klementina alipewa turubai, blanketi la kijivu na unga wa njano, akawekwa kati ya mama mmoja wa Uvira na mwingine wa Fizi, wanawake waliokimbia mambo ambayo mtu hasimulii akila. Walimpokea vizuri kuliko sisi tulivyomuaga. Walipomuuliza kilichomkimbiza naye akasema ni mboga, walicheka kwa mara ya kwanza tangu wavuke, kisha wakaona aibu kwa kucheka, kisha wakacheka tena.

Klementina akiwa huko, mama yake Mariana akafa. Mtu alipeleka habari. Klementina aliomba ruhusa ya kutoka akazike. Akaambiwa mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na kibali kinatoka kwa mkubwa aliyekwenda mjini. Mkubwa aliporudi, Mariana alikuwa ameshazikwa na majani yameanza kuota juu yake. Selestini alihutubia mazishini. Alisema marehemu alikuwa raia mwema.

Hatimaye alipita kambini afisa mwenye masikio, akamsikia Klementina akimtukana mgawa maharage kwa Kiha cha ufukweni kilichonyooka, akamwita, akamsikiliza, akaona aibu kwa niaba ya wengine, akamrudisha kwa gari. Akashushwa pale pale alipopandishiwa.

Watu walikuja kumpa pole. Leonida alikuja na kuku, akasimama mlangoni, akamtazama kuku badala ya kumtazama mwenye nyumba.

"Dada, ilikuwa woga."

"Najua."

"Tungesema tungepanda wote."

"Ndiyo. Tungepanda wote," Klementina akasema. "Lori lingejaa, wangerudi kujiuliza wanapeleka wapi kijiji kizima." Akampokea kuku. "Mama alizikwa upande gani wa baba?"

Alipoonyeshwa, alikaa kaburini mpaka jioni. Aliporudi alikuwa na jambo moja moyoni, na hakulificha. Selestini atatoka kwenye kile kiti, na atatolewa na neno lake mwenyewe. Sio kwa kupigwa wala kwa uchawi, ingawa cha pili kilipendekezwa na watu wengi wenye uzoefu. Kwa neno.

Alisubiri. Kinyongo chake alikitunza kama watu wanavyotunza mawese, kwenye chombo safi, kimefunikwa, mahali pasipo na jua, na hakikuchacha.

Mwaka elfu mbili ukaja na uchaguzi. Selestini aligombea tena. Dhidi yake alisimama Feliksi, fundi baiskeli, kijana mpole ambaye sera yake kubwa ilikuwa kwamba yeye sio Selestini. Vyama vyao tusivitaje, vilijitaja vyenyewe vya kutosha.

Wiki ya kwanza ya kampeni Klementina aliwakuta wanawake mchangani wakigeuza dagaa. Hakupandisha sauti.

"Mlisema kisamvu nikiwa naangalia," aliwaambia. "Siwadai kitu. Naomba moja tu. Neno lile tangu leo hamlijui. Mtu akija kwenu akitaka kisamvu, muulizeni ni kitu gani. Mpaka atamke mwenyewe jina alilofundishwa na mama yake."

"Na akilitamka?" Leonida akauliza.

"Akilitamka, mimi na nyinyi tumemalizana."

Leonida alifunga upindo wa khanga yake fundo, kama mtu anayeweka ahadi asiisahau. Wengine wakafuata. Sijawahi kuona chama chochote chenye nidhamu ya namna ile, na hawakupewa hata fulana.

Kampeni za kwetu zina desturi yake. Mgombea hupita nyumba kwa nyumba na lazima ale. Asipokula amedharau, akila amekuwa mtu wa watu. Selestini aliijua desturi hiyo na aliipenda, maana alikuwa mlaji wa kweli, na udhaifu wake mkubwa duniani ulikuwa mboga ile ile. Alianza kwa Leonida, akiongozana na mpambe wake Bonaventura, mtu mwembamba aliyebeba mkoba ambao hakuna aliyewahi kuuona ukifunguliwa.

"Mwakeye, mama," Selestini akasalimia kwa Kiha, kwa sababu ilikuwa kampeni.

"Mwakeye, Mheshimiwa. Karibu ugali."

"Nimekaribia. Mboga gani leo?"

"Ipo tu, Mheshimiwa. Dagaa."

Selestini akanusa. Jikoni kulikuwa na harufu ambayo pua yake iliitambua kabla ya akili. "Na kisamvu?"

"Ki nani?"

"Kisamvu, mama."

Leonida akafikiri sana. "Huyo hatujamsikia. Anagombea kwa chama gani?"

Bonaventura akakohoa. Selestini akacheka, akala dagaa. Nyumba ya pili akaulizwa kama kisamvu huvuliwa kwa wavu au kwa ndoano. Nyumba ya tatu mzee aliyewahi kukiita cha serikali alimwambia, kwa masikitiko ya kweli usoni, kwamba bila shaka ni dawa, na kwamba zahanati ingekuwa na paa wangeulizia huko. Kila nyumba ilinukia ile harufu, na kila nyumba ilimlisha dagaa. Kufikia wiki ya pili Mheshimiwa alikuwa amekonda shingo.

"Mzee, wanakutania," Bonaventura alimwambia njiani.

"Najua wananitania. Nikisema lile jina nitakula leo."

"Ukisema lile jina kuna watu watakumbuka lori."

"Nani anakumbuka mambo ya miaka mitatu?"

Bonaventura akatazama nyumba ya Klementina, iliyokuwa inafuka moshi taratibu.

Kilele kilikuwa mkutano mkubwa wa ufukweni. Lori lilikuja na wageni kutoka makao ya chama wilayani, wakubwa wawili wenye miwani na mgambo wa kuwalinda. Likaegeshwa pembeni, mlango wake wa nyuma wazi. Kulikuwa na kipaza sauti cha betri ya gari, na kulikuwa na chakula, na mpishi aliyepewa kazi hiyo na kamati ya kina mama alikuwa yule yule anayepewa siku zote. Selestini alipomwona alisita, kisha akajiambia kwamba mwanamke akikubali kukupikia amekusamehe. Alikuwa mwanaume mwenye imani hiyo mpaka siku ile.

Alichokuwa hajui, au alichokuwa amesahau, ni nani alimfundisha Klementina kupika. Alikuwa Eufrasia. Klementina alikuwa binti wa jirani aliyekuja kutwanga, akaonyeshwa: vichwa vya migebuka ya moshi, samaki wetu wa ziwani, visagwe humo humo ndani ya kinu, moto uwe wa kujivuta, na mawese yaingie mwisho, sufuria ikiwa imeshakata tamaa. Tangu Eufrasia afe hakuna aliyeipika hivyo. Klementina mwenyewe hakuipika kwenye shughuli yoyote, kwa heshima ya marehemu. Aliipika siku ile, kwa kukosa heshima kwa aliye hai.

Selestini alikuwa katikati ya hotuba, kwenye aya ya kuahidi gati, sufuria ilipofunuliwa upande ule ule upepo unaotokea. Sauti yake ikapungua. Akamaliza gati haraka, akaruka maji safi yote, akawakaribisha wageni mezani. Kipaza sauti akakibana kwapani, apate mikono miwili.

Akamega ugali wa muhogo, akachovya, akatia mdomoni. Akafumba macho. Mkutano mzima uliona mtu wa makamo akirudi kuwa mtoto wa miaka saba aliyekaa juu ya kinu kilicholazwa.

Mgeni mmoja wa wilayani, naye akila kwa bidii, akauliza, "Mheshimiwa, mbona tamu hivi, mboga gani hii?"

Na kwapa, kupitia betri ya gari na spika mbili zilizofungwa juu ya mti, likajibu kijiji chote na pengine ng'ambo pia:

"Ndugu yangu, hii ni sombe. Hii ni sombe ya mama."

Bonaventura alirukia waya wa betri. Alichelewa. Kisha Klementina, mwiko mkononi, akauliza kwa sauti ile ile ya Selestini ya miaka mitatu nyuma, sauti ya mtu anayewasaidia mgambo.

"Mtanzania gani anaita hii sombe?"

Hakuna aliyepanga kilichofuata. Watu waliokaa mchangani waliinuka, wakagawanyika pande mbili kwa adabu kubwa, wakaacha njia katikati. Njia ilianzia mezani kwa Selestini na kuishia kwenye mlango wa nyuma wa lori.

"Pandisheni huyo," Leonida akasema polepole.

Kicheko cha siku ile walikisikia wavuvi waliokuwa mbali majini. Baadhi yao walidhani ni dhoruba wakageuza. Selestini alibaki amesimama na ugali mkononi. Tangu saa ile hakuna aliyemwita jina lake tena. Watoto walimwamkia "Shikamoo, Mheshimiwa Sombe," na kwa kuwa shikamoo haikataliwi, alilazimika kuitikia marahaba.

Hapa hadithi ingeisha vizuri kama sisi tungekuwa watu wa kiasi.

Siku ya kupiga kura watu waliingia darasani mmoja mmoja. Kulikuwa na kura ya rais na ya mbunge pia, na hizo walizipiga kwa adabu. Kwenye karatasi ya diwani furaha iliwazidi. Mtu alifika pale nyuma ya pazia, peke yake na kalamu, amekasirika tangu mwaka tisini na saba, na akaona kuweka alama ya vema kwa fundi baiskeli ni adhabu ndogo mno. Akaandika SOMBE. Wengine waliandika kwa herufi za kuchora, wengine walikunja jani lenyewe ndani ya karatasi. Walitoka wakitabasamu, wakimpitia Klementina kwenye njia ya kurudi, wakimnong'oneza, "Tumemaliza, dada. Nimeiandika kubwa."

"Umeandika nini?"

"Sombe."

"Na Feliksi umemweka vema?"

"Nafasi iliisha."

Klementina alisimama njiani akawasihi waliobaki, wekeni vema, jamani, mboga haigombei; wakaitika vizuri, wakaingia, wakaandika mboga. Alikuwa amewaambia wanyamaze neno moja na wakanyamaza kama jeshi. Kuwaambia wasiliseme lile jingine, hakuwa na uwezo tena.

Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Sia, mwanamke wa Moshi mwenye mistari miwili ya hasira kwenye paji la uso, aliyefundisha kwetu miaka mingi na katika muda wote huo aliita ile mboga kisamvu, kwa haki yake ya kuzaliwa. Kura za vijiji vingine vya kata zilikuwa zimeshaletwa kwa baiskeli, na wagombea walikuwa bega kwa bega. Kilichobaki ni Nyakabimba. Darasa halikuwa na vioo, hivyo kila dirisha lilijaa vichwa.

"Feliksi," Mwalimu Sia alisoma. "Selestini. Feliksi. Imeharibika. Imeharibika. Hii ina jani. Imeharibika."

Akaziweka mafungu matatu. Feliksi alikuwa mbele ya Selestini, sio kwa mengi. Fungu la zilizoharibika lilikuwa limemshinda Selestini.

Ndipo Bonaventura akafungua mkoba kwa mara ya kwanza katika historia. Ulikuwa na kitabu cha maelekezo ya uchaguzi, basi.

"Mwalimu, naomba nisikilizwe kama wakala wa mgombea. Maelekezo yanasema, kama nia ya mpiga kura inaonekana wazi, kura isikataliwe. Sasa hapa Nyakabimba Sombe ni nani? Waulize madirishani. Kila mtu, mpaka watoto, anajua Mheshimiwa Sombe ni mgombea wangu. Hizi zote ni kura zake."

Mwalimu Sia aliisoma ile aya, akairudia. Akaona, kwa bahati mbaya yake, kwamba haikuwa upuuzi. Akichukua lile fungu na kuliweka kwa Selestini, Selestini amepita, tena kwa kishindo. Dirishani Klementina alishika mbao kwa mikono yake mirefu. Kisasi chake chote, alichokitunza kama mawese, kilikuwa mezani kwa adui yake, kimeandikwa kwa herufi kubwa.

Wakala wa Feliksi alikuwa mjomba wake, mvuvi, mtu wa maneno machache.

"Sawa," alisema. "Zihesabiwe kwake. Ila yeye mwenyewe akiri hapa kwamba ndiye Sombe. Akikiri, sisi kesho tunapeleka pingamizi. Mgombea lazima awe raia, na raia ni nani yeye mwenyewe alishatufundisha, mbele ya mgambo."

"Hilo lilikuwa zoezi tu," Bonaventura akasema.

"Mtu alikosa kumzika mama yake kwa zoezi tu."

Mwalimu Sia akavua miwani. "Mgombea yupo hapo nje?"

Alikuwepo. Aliingia amevaa suti ya kushinda. Akaelezwa. Kwanza uso ukamng'aa, kisha ukaanza kuzimika kipande kipande, kadiri alivyoelewa. Nje ya mlango lori la wageni wa wilayani lilikuwa bado linasubiri matokeo, na wale mgambo wameegemea ubavuni, hawajui lolote. Selestini alijua kuliko mtu yeyote jinsi kazi ile inavyofanyika. Alijua hakuna anayesikiliza bibi yako alivuka mwaka gani. Alijua, maana yeye ndiye aliyeionyesha njia, kwamba mtu anaweza kupandishwa kwa jani.

"Mheshimiwa," Klementina akasema kutoka dirishani. Alikuwa amechuma jani la muhogo nyuma ya darasa, amelishika juu, kimo kile kile. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na subira tu, kama mtu anayesubiri sufuria. "Tusaidie kidogo. Hii ni nini?"

Kiti cha udiwani kilikuwa ndani ya neno moja, na neno lenyewe alifundishwa na mama yake kabla hajajua kutembea. Midomo ilianza nalo. Tuliiona ikikaa kwenye S. Akatazama mlangoni, akatazama lori.

"Kisamvu," Selestini akasema.

Mwalimu Sia akavaa miwani. "Basi zimeharibika," alisema, akazifunga kwa uzi. Feliksi akatangazwa diwani. Kwa hesabu ya Nyakabimba, Selestini akawa wa tatu katika kinyang'anyiro cha watu wawili, nyuma ya mboga.

Alipotoka, Klementina alimsubiri kwenye ngazi, akamtilia lile jani mfukoni mwa koti la suti, akalipapasa likae vizuri. "Ungesema sombe siku ile nilipokuita mwana wa Eufrasia," alimwambia, "ungekula kwangu mpaka ufe." Bonaventura alimshika Selestini mkono akamwondoa.

Siku ya pili Feliksi alikwenda kwa Klementina kushukuru, na kreti ya soda. Alimkuta akitwanga.

"Mama, sijui nikulipe nini."

"Soda peleka kwa kina Leonida. Wewe nenda pale mbele," akamwonyesha nyumba ya Selestini kwa mchi. "Mabati yale yashushe, uyapeleke kwenye zahanati kabla ya masika. Usipoyashusha, mwanangu, ujue majani ya muhogo hapa hayaishi."

Feliksi aliyashusha. Aliyashusha kwa mikono yake ya fundi, huku Selestini ameketi nje juu ya kochi lake, akihesabu misumari ikidondoka. Hakuna aliyemsaidia kubeba kochi.

Masika yalipofika, mvua ya kwanza ilinyesha mchana, nene, kutoka ng'ambo. Klementina alitoa kiti kibarazani akakaa kusikiliza. Zahanati ililia vizuri, kwa sauti kubwa, ikiwa mahali pake, na ng'ambo ya njia nyumba ya Selestini, iliyoezekwa upya kwa nyasi, haikutoa hata mnong'ono. Alimwona amesimama mlangoni akikinga matone kwa sufuria.

"Habari za kisamvu, Mheshimiwa?" akampigia ukelele.

Selestini akamwaga sufuria, akaikinga tena. Klementina akavuta kiti karibu zaidi na mvua.